Kinga na Gharama Yake

Katika lugha yetu neno kinga lina kazi nyingi. Mtu hukinga jua kwa mkono, hukinga mvua kwa mwavuli, na askari wa kale alijikinga kwa ngao. Lakini mtu huyo huyo, mvua inaponyesha, hukinga mtungi chini ya paa ili upokee maji. Hivyo kitenzi kimoja kina maana ya kuzuia na maana ya kupokea. Matabibu walipohitaji neno la kueleza nguvu ya mwili ya kushindana na maradhi, walilichukua neno hili hili, ambalo watu walikuwa wakilitumia pia kwa vyandarua, kwa dawa zimezwazo kabla ya ugonjwa na kwa kazi ya kufukia madimbwi. Kwa hiyo tusemapo kinga ya malaria, twaweza kukusudia moja ya mambo mawili: kinga iliyo nje ya mwili, ambayo humzuia mbu asimfikie mtu; au kinga iliyo ndani, ambayo mwili huipata kwa kuupokea ugonjwa mara nyingi na kuushinda.

Aghalabu maana hizi mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Lakini katikati ya karne ya 20 palikuwa na wataalamu walioamini kwamba kinga ya nje ingeweza kuiharibu kinga ya ndani, na kwamba kumwokoa mtoto na mbu leo kungeweza kuwa ni kumwandalia kifo kesho. Makala haya yakusudia kueleza ugomvi huo, pamoja na kazi ya tabibu mmoja, Ian McGregor, ambaye uchunguzi wake katika Gambia ulisaidia kuonyesha kinga ya ndani ni kitu gani. Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa lugha. Hata hivyo historia ya maarifa ni mali ya wasomi wote, na historia hii yatuhusu zaidi kwa kuwa sehemu yake ilitendeka katika nchi zetu, na kwa kuwa vitabu vyake viliandikwa kwa damu ya watoto wa Afrika.

Kimelea cha malaria kilionwa kwanza katika damu ya binadamu na Alphonse Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa, huko Algeria mwaka 1880. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona ndani ya tumbo la mbu. Katika mwaka huo huo Mjerumani Robert Koch, ambaye jina lake lilikwisha kuwa kubwa kwa sababu ya uchunguzi wake wa kifua kikuu na kipindupindu, alifika Dar es Salaam na kuyachunguza maradhi ya pwani yetu, malaria ikiwa mojawapo. Miaka miwili baadaye alikwenda Guinea Mpya, ambayo sehemu yake moja ilikuwa chini ya Wajerumani, na huko alifanya jambo ambalo kwa sura yake lilikuwa jepesi sana. Alichukua damu ya watu wa vijijini, akaitazama kwa hadubini, na akazipanga hesabu zake kwa umri. Watoto wadogo aliwakuta na vimelea kwa wingi. Watoto wakubwa walikuwa navyo kwa uchache. Na watu wazima waliozaliwa na kukulia mahali hapo ilikuwa nadra kukuta kimelea katika damu yao.

Hapa yafaa tutue kidogo. Wageni wengi wa zamani hizo walidhani kwamba mwenyeji wa nchi za joto haugui malaria kwa sababu ya rangi yake. Hesabu za Koch zilikanusha fikira hiyo. Mtu mzima aliyekuwa akilima shamba lake bila ya homa alikuwa amekwisha kuugua mara nyingi utotoni, na nguvu aliyokuwa nayo hakuzaliwa nayo, bali aliipata kwa kuugua. Kweli, zipo kinga za kurithi, kama ile ambatano na selimundu ambayo Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, aliieleza mwaka 1954. Lakini kinga aliyoiona Koch haikuwa ya urithi. Ilikuwa ya kuchuma. Na jambo ambalo jedwali la umri halikuweza kulionyesha ni idadi ya watoto waliokufa kabla ya kuichuma.

Katika Tanganyika fikira hizi ziliendelezwa na Donald Bagster Wilson, ambaye mwaka 1936 alichapisha makala juu ya malaria ya vijijini katika nchi hiyo, na ambaye baadaye aliiongoza taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki huko Amani, katika milima ya Usambara. Wilson alikuwa mtu wa kupima. Aliona kwamba katika vijiji vyenye mbu wengi mwaka mzima, mtoto mchanga huambukizwa mapema, huugua kwa taabu kwa miaka michache, kisha, akiwa amenusurika, hufanya suluhu na ugonjwa. Vimelea vyaweza kuwamo katika damu yake, lakini homa haimlazi. Suluhu hiyo haikuwa ya daima. Ilihitaji kufanywa upya kwa maambukizo ya mara kwa mara, na mtu aliyekaa miaka mingi mahali pasipo malaria aliweza kuipoteza kwa sehemu kubwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja dawa ya kunyunyiza iitwayo DDT, nayo ikaleta tumaini ambalo halikupata kuwako kabla. Ukuta wa nyumba ukinyunyizwa, mbu atuaye juu yake hufa. Sasa swali la Wilson likawa zito. Mwaka 1950 yeye pamoja na P. C. C. Garnham, aliyefanya kazi ya utabibu Kenya kwa miaka mingi, na Mholanzi N. H. Swellengrebel, waliandika mapitio ya maarifa yote juu ya malaria kali ya kudumu, na wakaonya. Tukimwondoa mbu katika kijiji kwa miaka 10, walihoji, watoto watakua bila ya kinga yo yote mwilini. Ikiwa fedha zitakwisha, au mbu watazoea dawa, ugonjwa utarudi na kumkuta kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hana silaha. Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Ndivyo walivyofikiri wataalamu hawa, ingawa hawakuijua methali hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha Kampala mkutano wa malaria wa Afrika ya Ikweta. Hapo ndipo wajumbe walipokubaliana juu ya vipimo vya ukali wa ugonjwa, kwa kuhesabu bandama zilizovimba katika watoto wa miaka 2 hadi 10. Mahali ambapo zaidi ya watoto 75 katika kila 100 walikuwa na bandama iliyovimba, ilhali watu wazima wenye hali hiyo walikuwa wachache, palihesabiwa kuwa ni penye malaria ya daraja la juu kabisa. Tazama jinsi kipimo chenyewe kilivyobeba habari yote: uvimbe wa mtoto ndio uliokuwa bei ya afya ya mtu mzima. Wajumbe wengine, George Macdonald akiwa mmoja wao, walikataa kukiita kitu cha namna hiyo neema. Walisema si halali kuacha watoto wafe ili watakaosalia wawe na nguvu. Mwishowe mkutano ulipendekeza kwamba malaria ipigwe vita kwa njia za kisasa mapema iwezekanavyo, po pote ilipo, bila ya kujali ukali wake wa asili.

Uamuzi ulipatikana, lakini maarifa yalikuwa bado mafupi. Majaribio ya tumbili yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1930 yalidokeza kwamba nguvu ya kushinda malaria imo katika majimaji ya damu. Kwa binadamu jambo hilo lilikuwa halijathibitishwa. Watu walikuwa wakibishana juu ya mali ambayo hakuna aliyepata kuishika mkononi.

Ian McGregor alizaliwa Uskoti mwaka 1922, akasomea utabibu, akatumika jeshini, na mwaka 1949 akapelekwa Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi ifuatayo mto wa jina lake. Kwanza aliajiriwa na wachunguzi wa lishe, ambao walitaka kujua vimelea vina sehemu gani katika udhaifu wa watu wa vijijini. Alianza kazi yake katika kijiji cha Keneba, kusini ya mto. Tangu mwaka 1954 akawa mkuu wa maabara ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza huko Fajara, karibu na pwani, lakini Keneba hakuiacha. Na hapa ndipo ilipo tofauti yake na wengi waliomtangulia. Koch alipita, alipima watu mara moja na kwenda zake. McGregor alirudi kwa watu wale wale mwaka baada ya mwaka, akimpima mtoto aliyempima mwaka jana, akiandika nani ameongezeka uzito, nani amepungukiwa damu, na nani hayupo tena.

Katika Keneba watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka 5, na majira ya mvua, ambayo ndiyo majira ya mbu, yalikuwa majira ya misiba. Ili kujua sehemu ya malaria katika taabu hiyo, McGregor, Herbert Gilles na wenzao walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1956. Watoto wachanga waliwekwa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa klorokwini kila juma tangu walipozaliwa. Kundi la pili liliachwa bila ya dawa hiyo ya kila juma, ili tofauti ionekane. Waliopewa dawa waliugua kidogo, walikuwa na damu ya kutosha zaidi, na katika umri ule wa hatari walikua vizuri kuliko wenzao. Lakini jambo jingine lilionekana pia. Sehemu ya damu iitwayo gamaglobulini, ambayo kwa watoto wa Gambia hupanda sana kadiri wanavyokua, haikupanda kwa kiasi hicho katika watoto waliolindwa na malaria. Ilikuwa kama kwamba mwili usiopigana vita haukuona haja ya kufua silaha.

Msomaji wa leo hawezi kupita hapa bila ya kujiuliza juu ya lile kundi la pili. Swali hilo ni la haki, nami nitalirudia. Kwanza tufuate uzi wa uchunguzi.

Ikiwa gamaglobulini ndiyo silaha, basi yapasa iweze kuazimwa. Hiyo ndiyo fikira iliyowaongoza McGregor, S. Carrington, na Sydney Cohen, mtaalamu wa kinga aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi London. Walichukua damu ya Wagambia watu wazima, ambao malaria ilikuwa imekwisha kuwashindwa, wakaitenga gamaglobulini yake, na kuidunga katika miili ya watoto wadogo waliokuwa wagonjwa wa malaria kali. Watoto wengine walidungwa gamaglobulini iliyotoka katika damu ya watu wa Uingereza, ambao hawakupata kuugua malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961. Katika watoto waliopewa gamaglobulini ya Wagambia, vimelea vilipungua kwa siku chache mpaka vikawa vichache sana, na homa ikatulia. Ile ya Waingereza haikufanya kazi hiyo.

Wachunguzi hao walitambua jambo la pili lililokuwa na maana kubwa. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hukua humo na kujigawanya, kisha chembe hupasuka na kutoa kizazi kipya ambacho hukimbilia chembe nyingine. Kwa aina iliyo kali, mzunguko huu huchukua saa 48 hivi. Gamaglobulini haikuonekana kuvigusa vimelea vilivyokwisha kujificha ndani ya chembe, iliviacha vikue. Ila kizazi kilichotoka nje baada ya hapo hakikufaulu kuingia katika chembe mpya kwa wingi. Kwa hiyo silaha hii, ambayo leo twaiita kingamwili, ilikuwa ikingoja nje ya mlango, katika ule muda mfupi ambapo adui hana pa kujificha.

Mwaka 1962 J. C. Edozien, Gilles na mwenzao mmoja walionyesha huko Nigeria kwamba gamaglobulini iliyotoka katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga ina nguvu hiyo hiyo. Hivyo ikafahamika kwa nini mtoto wa mama mwenyeji hupata nafuu katika miezi yake ya mwanzo: mama humwazima kinga yake kabla hajamzaa. Na mwaka 1963 McGregor, Carrington na Cohen walitoa habari ya jaribio ambalo latugusa moja kwa moja. Gamaglobulini ya watu wa Afrika Magharibi ilitumika kutibu malaria ya Afrika Mashariki, nayo ikafaa. Nchi hizo zimetengana kwa maelfu ya maili, na vimelea vyake hubadilika sura kwa namna nyingi. Lakini kumbe kulikuwa na kitu kilichokuwa sawa katika vyote, na mwili wa mkulima wa Gambia ulikuwa umekijua.

Je, majaribio haya yaliukata ugomvi wa Kampala? Hayakuukata siku ile, ila yaliubadili. Kabla yake, kinga ya ndani ilidhaniwa kuwa ni hali ambayo mtu huiishi, kama ukomavu. Haina njia nyingine ila kuteseka. Baada yake ilijulikana kuwa ni kitu kilichomo katika damu, kinachoweza kutengwa, kupimwa na kuhamishwa. Na kitu ambacho mwili hujifunza kukitengeneza, huenda ukafundishwa kukitengeneza kwa njia isiyokuwa ya ugonjwa.

Wakati huo huo historia yenyewe ilikuwa ikitoa ushahidi wake. Katika miaka ya 1950 nyumba za Pare, Tanganyika, na Taveta, Kenya, zilinyunyizwa dawa iitwayo dieldrini, katika mradi uliosimamiwa kutoka Amani. Malaria ilipungua sana ingawa haikutoweka. Kunyunyiza kulipokoma mwaka 1959, vimelea vilirudi pole pole. Lakini ule msiba uliohofiwa haukutokea, na vifo vya watoto havikurudi katika kiwango cha zamani. Wachunguzi walitaja kupatikana kwa dawa za kutibu kuwa moja ya sababu. Kwa upande wa pili, katika nyanda za juu za Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini, malaria ilikuwa imedhibitiwa kwa miaka mingi, kisha juhudi zikalegea. Na katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ugonjwa ulirudi kwa kishindo, ukaua wakubwa na wadogo kwa maelfu. Kwa hiyo Wilson hakuwa mwoga wa bure. Kosa la hoja yake, kwa maoni yangu, lilikuwa katika mizani: aliiweka hofu ya kesho upande mmoja, lakini upande wa pili hakuwapima kwa ukamilifu watoto waliokuwa wakifa leo. Jawabu la hofu yake halikuwa kuacha kunyunyiza, bali kutokuacha kazi katikati.

Sasa nirudi kwa lile kundi la pili la Keneba. Katika makala za kitaalamu majina ya Wagambia waliotoa damu hayamo, wala majina ya watoto walioachwa bila ya klorokwini. Ndiyo desturi ya maandishi hayo, nayo ina sababu zake. Lakini mwanahistoria hana budi kusema waziwazi kwamba maarifa haya yana wadai. Mkulima aliyetoa damu yake alitoa kitu alichokinunua kwa homa za utotoni, na yamkini kwa kuwazika ndugu zake. McGregor mwenyewe alipata heshima kubwa katika nchi yake, akapewa cheo cha Sir mwaka 1982, naye alistahili. Alifanya kazi kwa uaminifu mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2007. Walioketi chini ya sindano yake hawakupewa cheo. Malipo yao hayawezi kuwa mengine ila kinga yenyewe kuwafikia wajukuu wao.

Na kinga hiyo imeanza kuwafikia, ingawa kwa kuchelewa. Uzi ulioanzia Fajara umefika pwani yetu. Mwaka 2008 Faith Osier na wenzake, kwa uchunguzi wa Kilifi, walionyesha kwamba watoto wenye kingamwili dhidi ya sehemu nyingi za kimelea kwa pamoja ndio walioepukana zaidi na ugonjwa. Chanjo iitwayo RTS,S, ambayo Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vya kuijaribu, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na ya pili, R21, ikafuata mwaka 2023. Chanjo hizi humkabili adui mapema, tangu mbu anapomwingiza mwilini. Lakini mwaka 2023 yalichapishwa pia matokeo ya majaribio ya Bagamoyo ya chanjo nyingine, iliyotengenezwa kwa kitu kiitwacho RH5, ambacho kimelea hukitumia kuingilia katika chembe nyekundu. Hapo ni mlangoni kabisa, pale pale ambapo damu ya Wagambia ilimzuia adui mwaka 1961.

Hata hivyo kazi haijaisha. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5. Na hapa mwalimu wa lugha ana wajibu wake. Chanjo ya RTS,S, katika majaribio makubwa, ilipunguza matukio ya malaria kwa kiasi cha theluthi moja tu katika watoto waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Theluthi moja ya ugonjwa unaoua namna hii ni watoto wengi sana. Lakini si ngao isiyopenya mshale. Mama akiambiwa kuwa chanjo ni kinga, naye akaielewa kinga kwa maana ya ukuta, atakunja chandarua na kukiweka kando. Kisha mtoto atakapopata homa atasema amedanganywa, na mwaka ujao hatarudi kliniki wala hatamleta mdogo wake. Neno moja lisilofafanuliwa laweza kuipoteza kazi ya miaka 60.

Kwa hiyo wanafunzi wetu watakaoandika vijitabu vya afya, watakaotafsiri karatasi za ridhaa, na watakaosema katika redio, nawaomba wasiridhike na neno kinga peke yake. Waeleze ni kinga ipi: ile izuiayo au ile ipokeayo. Waeleze kuwa chanjo humfundisha mtoto, nacho chandarua humlinda akiwa bado anajifunza, wala moja haiondoi haja ya nyingine. Wajumbe wa Kampala walibishana kana kwamba ni lazima kuchagua moja na kuiacha ya pili. Sisi, tulioipata elimu yao pamoja na elimu iliyokuja baada yao, hatuna udhuru wa kubishana tena hivyo.